TUUJUE MOYO WETU NA MISHIPA YA DAMU

 

Katika toleo hili tumechagua kuzungumza juu ya moyo na mishipa ya damu. Sababu yake ni hii. Mweka hazina wa kikundi kimoja tunachokitembelea aliamka asubuhi akajaribu kushika kikombe cha chai, mkono wa kulia ukakataa. Kikombe kikaanguka, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayatoki. Ilikuwa ni kiharusi. Mama huyu ana miaka 46 na hajawahi kupimwa presha hata siku moja. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai, lakini mpaka leo hawezi kuandika daftari la kikundi. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya mradi wa mbuzi ziliishia kwenye gari la hospitali na dawa.

Tulipokwenda kumpa pole, mama mmoja mzee alituuliza hivi: "Wazazi wetu walikunywa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, wakala nyama na samli, na hatukusikia habari za presha. Mbona sasa imejaa kila boma? Kuna nini?" Swali hili ni zuri sana na tutalijibu. Lakini kwanza hebu tuelewe moyo wenyewe unavyofanya kazi.

MOYO NI PAMPU

Wakulima wa kando ya Tana mnaijua pampu ya dizeli. Inavuta maji mtoni, inayasukuma kwenye bomba kubwa, kisha yanaingia mifereji midogo mpaka kwenye shina la ndizi la mwisho. Pampu ikizima, shamba linakauka. Moyo ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wenyewe hauzimwi hata usiku.

Moyo wa mtu ni wa ukubwa wa ngumi yake. Ni msuli mtupu. Mtu mzima akiwa ametulia, unapiga kama mara 70 kwa dakika, yaani kama mara laki moja kwa siku. Kila dakika unasukuma karibu lita 5 za damu. Pigeni hesabu: kwa siku nzima ni zaidi ya lita 7,000, sawa na mitungi 350 ya lita ishirini. Nani kati yetu angeweza kubeba mitungi hiyo kila siku bila kupumzika? Basi tujue kwamba kazi hiyo inafanyika kifuani mwetu.

Mkichinja mbuzi, msiutupe moyo sufuriani mara moja. Uoneni kwanza. Upasueni kwa kisu mbele ya kikundi. Mtaona vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna ngozi nyembamba nyeupe iliyoshikwa na nyuzi. Hiyo ni vali, mlango wa kuruhusu damu ipite upande mmoja tu, isirudi nyuma. Mtaona pia kwamba upande wa kushoto una nyama nene kuliko wa kulia. Nje ya moyo, katikati ya mafuta, kuna mishipa midogo. Ikumbukeni hiyo mishipa, tutaizungumzia baadaye. Moyo wa mtu umejengwa karibu sawa na huo.

SAFARI YA DAMU

Upande wa kulia unapokea damu iliyokwisha kutumika na kuisukuma kwenye mapafu. Huko damu inaacha hewa chafu na kuchukua hewa safi, yaani oksijeni. Kisha inarudi upande wa kushoto, nao unaisukuma mwili mzima, kuanzia utosini mpaka kwenye kidole cha mguu. Ndiyo maana upande wa kushoto una nyama nene: safari yake ni ndefu.

Mishipa inayotoka moyoni inaitwa ateri. Ina kuta ngumu zenye kunyumbuka. Hiyo ndiyo unayoigusa ukiweka vidole kwenye kifundo cha mkono na kusikia ikipiga. Ateri zinagawanyika mpaka zinakuwa vimishipa vyembamba kuliko unywele, na hapo ndipo mwili unapochukua chakula na hewa. Baadaye damu inarudi moyoni kwa mishipa iitwayo vena.

Watu hawakuyajua haya tangu zamani. Tabibu Mwislamu aitwaye Ibn al-Nafis, aliyesoma Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika katika karne ya 13 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita kwenye mapafu, na kurudi upande wa kushoto. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alieleza mzunguko wote wa mwili. Tunawataja wote wawili ili ijulikane kwamba elimu hii ni ya watu wote.

PRESHA NI NINI?

Wengi husema, "Nina presha," kana kwamba wengine hawana. Kila mtu ana presha. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma ukuta wa mshipa, na bila hiyo damu isingefika kichwani. Shida ni pale inapozidi na kukaa juu siku zote.

Ukipimwa utapewa namba mbili. Ya juu ni nguvu wakati moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu wakati moyo unapopumzika kidogo kabla ya pigo lingine. Iliyo sawa ni karibu 120 juu ya 80 au chini kidogo. Ikifika 140 juu ya 90 au zaidi, tena kwa kupimwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu na inataka matibabu.

Ubaya wa presha ni kwamba kwa kawaida haiumi. Mtu analima, anachota maji, anakwenda soko la mifugo, na huku mishipa inaharibika kimya kimya. Msingoje kichwa kiume. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa. Mweka hazina wetu alikuwa mmoja wa hao.

MISHIPA INAVYOHARIBIKA

Rudini shambani. Mkisukuma maji kwa nguvu kupita kiasi, bomba la mpira linavimba na siku moja linapasuka. Na mfereji usiposafishwa, matope yanajaa mpaka maji hayapiti. Mishipa ya damu ina shida hizo zote mbili.

Ndani ya mshipa mna utando laini. Presha ya juu, moshi wa sigara na sukari nyingi katika damu huuchubua utando huo. Mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli huingia ndani ya ukuta na kujikusanya. Mwaka hata mwaka ukuta unakuwa mnene na mgumu, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku moja lile bonge la mafuta linapasuka, damu inaganda juu yake, na njia inazibika kabisa.

Ikizibika mishipa ile midogo iliyo juu ya moyo, sehemu ya moyo inakosa damu na kuanza kufa. Huo ni mshtuko wa moyo. Angalieni jambo hili: moyo umejaa damu ndani, lakini haujilishi kwa hiyo. Unalishwa na mishipa ile ya nje mliyoiona kwa mbuzi.

Ukizibika au kupasuka mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Hakitokani na jini wala upepo mbaya. Ubongo wa upande wa kushoto unaongoza mwili upande wa kulia, na wa kulia unaongoza kushoto. Ndiyo sababu mtu hupooza upande mmoja.

Presha ya muda mrefu huharibu pia figo na macho. Tena moyo wenyewe unachoka. Kwanza msuli unakuwa mnene, kama mkono wa mbeba mizigo, halafu unalegea. Moyo ukishindwa kusukuma vizuri, maji yanajaa kwenye miguu na mapafu, na mgonjwa hawezi kulala chali bila kukosa pumzi.

WATOTO NA AKINA MAMA

Msidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaweza kuumwa koo kwa sababu ya kijidudu fulani, hasa katika nyumba ambamo watu wamebanana. Koo linapona lenyewe, lakini baada ya wiki mbili au tatu homa inarudi, na viungo vinavimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Hapo mwili, ambao ulikuwa ukipigana na kijidudu, umegeuka na kuanza kujipiga wenyewe. Viungo vitapona. Vali za moyo, ule mlango wenye nyuzi, zinaweza kubaki na makovu maisha yote.

Kinga yake ni dawa ya bei ndogo: penisilini kwa koo lililothibitishwa na mhudumu wa afya. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Msikatishe. Vali zikiharibika sana inabidi kupasuliwa moyo. Hapa Kenya upasuaji huo hufanywa hata katika hospitali za makanisa kama Tenwek kule Bomet na Mater kule Nairobi, ambayo tangu miaka ya 1990 watu wamekuwa wakiichangia kwa mbio za hisani ili watoto wapasuliwe. Lakini ni safari ndefu na gharama kubwa kwa kitu kilichoanzia kwenye koo.

Mama mjamzito naye apimwe presha kila anapokwenda kliniki. Ikipanda, akaumwa sana na kichwa, akaona giza, au akavimba uso na mikono, hiyo ni hatari ya kifafa cha mimba. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

SASA TUMJIBU MAMA MZEE

Mama, umesema kweli. Mwaka 1962 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha habari za madaktari waliowapima wafugaji wa ngamia kule Somalia, watu walioishi kwa maziwa karibu peke yake. Walikuta kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni haba. Miaka hiyo hiyo ya 1960, daktari A. G. Shaper na wenzake waliwapima Wasamburu hapa kaskazini mwa Kenya, nao wakakuta presha ambayo haipandi na umri kama ilivyo kwa watu wa mjini.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Madaktari hao waliwafuata morani wa Kisamburu walioingia jeshini. Walikuwa ni vijana wale wale, wa damu ile ile. Walipoanza kula chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi zaidi, presha yao ilipanda. Na mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Wajaluo waliohama kijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani.

Kwa hiyo haikuwa damu ya wazee wetu iliyowalinda, wala si maziwa peke yake. Ni maisha. Walitembea mchana kutwa nyuma ya ngamia. Walikula kiasi. Chumvi ilikuwa chache na sukari ilikuwa adimu. Sasa ukame umemaliza mifugo, tumehamia mjini, tunakaa kitako. Asubuhi chai yenye vijiko vinne vya sukari, mchana wali au pasta yenye mafuta mengi, jioni sambusa, na usiku miraa na sigara. Mwili ni ule ule, mzigo ndio umebadilika.

TUFANYE NINI?

1. Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilicho sawa, pamoja na iliyomo ndani ya mkate na vipande vya supu vya dukani. Msiweke chumvi mezani. Wengine husema, "Lakini sisi tuna joto, tunatoka jasho." Kwa watu wengi chakula cha kawaida kina chumvi ya kutosha. Jasho linataka maji kwanza.

2. Sukari na mafuta. Punguzeni kijiko kimoja cha sukari kila wiki, ulimi utazoea. Tumieni mafuta ya maji badala ya yale yanayoganda, tena kidogo. Mboga na matunda yanaota hapa hapa kando ya Tana: sukuma, kunde, ndizi, maembe, mapapai. Tusiuze yote.

3. Kutembea. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwendo wa mtu anayewahi soko. Anayelima au kuchunga tayari ameifanya.

4. Tumbaku na miraa. Sigara, shisha na tumbaku ya kutafuna zote huumiza mishipa. Miraa hupandisha presha na kuufanya moyo upige mbio, na watafunaji hukesha bila usingizi. Tunajua kwamba ni biashara ya watu. Hata hivyo mwenye presha akiendelea kutafuna ni kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa.

5. Kupimwa. Kila mwenye miaka 18 na zaidi apimwe walau mara moja kwa mwaka. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Mwiteni wa mtaa wenu aje kwenye mkutano wa kikundi. Kabla ya kupimwa, kaa ukitulia dakika tano, na nusu saa kabla yake usinywe chai, usivute sigara, usitafune miraa.

JUU YA DAWA

Tunasikia maneno, "Ukianza dawa za presha huachi tena, heri usianze." Wacha tuseme wazi: presha ndiyo isiyokuacha. Dawa inaishusha, na ukiiacha inapanda tena. Kujisikia vizuri si ruhusa ya kuiacha. Usigawane vidonge na jirani, maana dawa zinatofautiana. Kama dawa inakuletea kikohozi au kizunguzungu, rudi kwa daktari akubadilishie.

Ndugu zetu Waislamu wenye presha waonane na daktari kabla ya Ramadhani kuanza. Dawa nyingi zinaweza kupangwa zimezwe wakati wa iftari au daku, na wale ambao kufunga ni hatari kwao wataelezwa. Na kila familia ijiandikishe katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Msingoje mgonjwa.

DALILI ZA KUKIMBIZA MTU HOSPITALI

- Uso kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kuvurugika.
- Maumivu mazito ya kifua kama umekaliwa, yakienda begani, shingoni au taya, pamoja na jasho la baridi.
- Kukosa pumzi ghafla, hasa ukilala.
- Kuzimia.

Angalieni saa na kumbukeni ilianza lini, kwa sababu daktari atauliza. Msimpe aliyepooza chakula, maji wala dawa, maana anaweza kupaliwa. Mlazeni kwa ubavu ikiwa hana fahamu. Msipoteze muda kumpaka mafuta au kumchanja. Kuomba tutaomba, lakini tuombe tukiwa ndani ya gari.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kupimwa presha? Inueni mikono, msione haya.
2. Kilo ya chumvi na kilo ya sukari nyumbani kwako hukaa siku ngapi? Ni watu wangapi wanaila?
3. Mtu akipatwa na kiharusi saa nane za usiku, ni gari la nani litakaloitwa? Namba yake ya simu anayo nani?
4. Je, kikundi kinaweza kutenga kidogo kila mwezi kwa ajili ya dharura, kisiguse fedha za mradi?

Kikundi cha yule mweka hazina kimekwisha kuyajibu maswali haya. Walimwita mhudumu wa afya, wakapimwa wote 23, na 6 wakakutwa na presha ya juu bila wao kujua. Sasa hao 6 wanakwenda kliniki pamoja, siku moja, na kila mmoja anamuuliza mwenzake kama amemeza dawa. Mweka hazina mwenyewe hukaa mbele na kuhesabu walioonyesha kadi zao za kliniki. Anahesabu kwa mkono wa kushoto.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaeni salama mpaka toleo lijalo.